Epoksi, resini ya UV au resini ya faiba: ipi ya kutengenezea viholda vya funguo na vibati vya paka na mbwa ukiwa nyumbani Dar?

Anayetaka kutengeneza viholda vya funguo vyenye majina, au vile vibati vya kuning'inia kwenye mkanda wa shingoni mwa paka na mbwa, hahangaiki sana na vifaa vidogo. Kalibu za silikoni zinapatikana Kariakoo, ringi zipo, glita na herufi zipo. Anapokwama ni kwenye kimiminika chenyewe. Ukiuliza dukani utaambiwa "hii ni resini tu, inaganda", kana kwamba zote ni moja. Kumbe ni tatu, na kila moja ina tabia zake.

Epoksi inakuja kwenye chupa mbili, resini na hadina (dawa ya kuigandisha), na zikichanganywa zinaganda zenyewe. Resini ya UV ni chupa moja isiyochanganywa na kitu. Inaganda ikipigwa na mwanga wa taa kama ile inayokausha jeli ya kucha saluni. Ya tatu ni poliesta, ambayo mafundi wa boti na matangi wanaiita resini ya faiba. Hiyo hutiwa kigandishi kidogo sana na kwa kilo huwa ndiyo ya bei rahisi kuliko zote.

Nitazipima kwa mambo sita: kazi yenyewe ikoje mkononi, hali ya hewa na umeme wa hapa kwetu, vitu gani vinaweza kuwekwa ndani, afya ya aliyemo ndani ya nyumba, kitu kikishatengenezwa kitaishi wapi, na gharama kwa kipande kimoja. Bei za chupa nimeziacha makusudi, kwa sababu zinafuata dola, na utakaposoma haya zitakuwa zimeshabadilika.

Kazi mkononi

Epoksi inataka vipimo. Nyingi za kazi za mikono zimeandikwa 1:1 au 2:1, na hapo ndipo pa kutulia kabla ya kufungua kifuniko. Soma kama uwiano huo ni wa ujazo au wa uzito. Kwa kawaida hadina ni nyepesi kuliko resini, hivyo anayetumia mizani ya jikoni kwenye uwiano ulioandikiwa kikombe anakosea bila kujua, na kiholda chake kitanata mpaka Idi.

Ukishamimina zote mbili, inua kikombe kwenye mwanga uangalie wakati unakoroga. Mwanzoni utaona mistari inayojikunja ndani, kama ya sukari inayoyeyuka kwenye maji ya moto. Koroga polepole ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, kama dakika tatu, mpaka mistari yote ipotee. Kisha hamishia kwenye kikombe kingine kisafi ukoroge tena kidogo, maana ile iliyonata ukutani mwa kikombe cha kwanza mara nyingi haikuchanganyika. Madoa yanayonata juu ya kiholda kilichoganda vizuri kwingine kote yanatoka hapo. Baada ya saa 24 hivi unaweza kutoa kwenye kalibu, ila ugumu kamili unataka siku tatu mpaka wiki. Mteja anayesema "naitaka kesho" si mteja wa epoksi.

Resini ya UV haina habari za vipimo. Unamimina tabaka la milimita mbili hivi, unaweka chini ya taa dakika mbili au tatu, unaongeza tabaka jingine. Kiholda kimoja kinakamilika ndani ya nusu saa. Kalibu lazima iwe ya kupitisha mwanga, na ukimimina nene kwa pupa, juu kutakuwa kumekauka na ndani bado uji. Uso wa juu nao una tabia ya kubaki na unato, kwa sababu oksijeni ya hewani inazuia tabaka la mwisho kuganda. Pangusa kwa spiriti yenye alkoholi ya asilimia kubwa, rudisha chini ya taa. Tatizo linakuja kwenye wingi. Oda ya viholda 50 vya sendofu kwa taa inayobeba viwili viwili itakukalisha hapo mpaka usiku wa manane.

Poliesta hutiwa kigandishi asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wake, yaani gramu moja au mbili kwa gramu 100. Kosa la gramu moja tu ni kubwa, ndiyo maana humtesa mtu anayefanya vipande vidogo vidogo kuliko fundi anayemimina ndoo. Ikianza kushika, inashika haraka. Inasinyaa kidogo inapoganda: hilo linasaidia kitu kuachia kalibu, lakini hupinda kingo za vipande vyembamba. Upande uliokuwa hewani hubaki na unato, hivyo panga kuupiga msasa. Na kalibu za silikoni inazila. Baada ya mizunguko kadhaa zinakakamaa na kuchanika, wakati kwenye epoksi kalibu hiyohiyo ingeendelea kufanya kazi.

Joto, masika na umeme

Maelekezo mengi ya epoksi yameandikwa kwa chumba chenye nyuzi 20 hadi 25. Chumba cha Tabata mwezi wa pili, saa nane mchana, chini ya bati, hakijawahi kusikia habari hizo. Kanuni ya jumla ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, mwendo wa kuganda unakaribia kuwa maradufu. Muda wa dakika 40 ulioandikwa kwenye boksi unaweza kubaki 20. Kwa hiyo changanya kidogo kidogo, kiasi cha kalibu zilizo mbele yako tu. Mabaki usiyaache yamejaa kikombe: epoksi inapoganda hutoa joto, na ikiwa imerundikana hujichemsha mpaka plastiki ya kikombe ikalegea na moshi ukatoka. Imwage kwenye trei pana, itapoa yenyewe. Faida ya joto letu ni kwamba resini inakuwa nyepesi na mapovu yanapanda kirahisi. Yanayobaki juu unayapitishia moto wa kiberiti cha gesi kwa mbali, mara moja, bila kuganda nao.

Masika ndiyo mtihani. Kati ya mwezi wa tatu na wa tano, unyevu wa hewani unakutana na hadina, na uso wa kiholda unatoka na utando kama wa mafuta au ukungu mweupe. Unaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha msasa, kisha tabaka jipya. Ni afadhali kuuzuia: fanya kazi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, wakati hewa imekauka kidogo kuliko alfajiri na usiku, na si siku ambayo mvua inapiga. Funika kalibu kwa beseni au boksi. Kufunika ni lazima mwaka mzima hata hivyo, maana sisimizi na mbu wa Dar wanaipenda sana resini mbichi, na mbu aliyegandia juu ya jina la mtu hatoki.

Resini ya UV haijali masika. Adui yake ni jua. Chupa iliyoachwa wazi karibu na dirisha inaanza kuganda mdomoni, na kalibu iliyojazwa karibu na mlango inaweza kushika kabla hujapanga herufi. Kwa upande mwingine, jua hilohilo ni taa ya bure. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha usiku, taa ndogo za kuchomekwa kwa waya wa simu zinawaka kwenye pawabenki. Mchana toa kalibu uani. Tabaka liwe jembamba tu, kwa sababu jua kali likiigandisha nene kwa mkupuo, inapata joto la ghafla na kupasuka au kujaa mapovu.

Poliesta ina suala jingine kabisa, la moto. Ndani yake mna stairini, na mvuke wa stairini unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 31 hivi, joto ambalo Dar linafikiwa bila jitihada. Jiko la mkaa, jiko la gesi na sigara vikae mbali, wala si chumba cha pili chenye mlango wazi. Kigandishi chake nacho kinataka mahali pa baridi na kivuli, peke yake, mbali na kobalti inayotumika kuharakisha resini hiyo. Viwili hivyo vikikutana moja kwa moja bila resini katikati vinaweza kulipuka. Nunua resini ambayo kobalti ilishatiwa kiwandani, uepukane na hesabu hiyo.

Unataka kuweka nini ndani?

Picha zilizochapwa kwa wino wa maji huvuja rangi kwenye resini zote tatu. Nenda steshenari wakuchapie kwa mashine ya leza au kwenye stika ya plastiki, au paka gundi nyeupe pande zote mbili, acha ikauke kabisa, ndipo uimimine resini. Kwenye UV kuna la ziada: picha inazuia mwanga, hivyo piga taa juu na chini, la sivyo nyuma ya picha kutabaki kimiminika.

Hali ni hiyo hiyo kwa rangi nzito. Kiholda cheusi au cheupe pepe kwa UV kinaganda ngozi tu. Kwa epoksi kinaganda chote. Kwa poliesta pia, na ile ya kawaida ya mafundi huwa na rangi yake ya njano au waridi hafifu, kwa hiyo ukiitia rangi nzito unaficha kasoro hiyo na hakuna atakayejua. Zipo poliesta angavu za kumiminia, vifungo vya mashati vingi vilitengenezwa kwa hizo, ila usitegemee ile ya boti iwe angavu.

Maua lazima yawe makavu kweli. Asumini la jana litageuka kahawia na kutoa mapovu. Vipande vya kitenge vinapendeza sana, ila vikilowa resini vinakolea, na palipokuwa peupe panakuwa pa kuona upande wa pili, hivyo vipakwe gundi kwanza. Ninachokipenda mimi ni mabaki ya mpingo kutoka kwa wachongaji wa Mwenge, nusu mti nusu epoksi. Mpingo una mafuta yake, kwa hiyo pangusa kwa spiriti na upige msasa upande utakaokutana na resini. Kazi hiyo ni ya epoksi tu. UV haifiki kwenye nyufa za mti, na poliesta haishiki mti wenye mafuta.

Nembo za Simba na Yanga zina wenyewe. Kwa funguo zako sawa. Za kuuza, omba ruhusa au tumia rangi tu, watu wataelewa.

Afya ya nyumba

Hapa naomba usiruke. Watu wengi hudhani hatari ya resini ni harufu, kisha huchagua epoksi au UV kwa sababu hazinuki sana. Hatari kubwa ya hizo mbili ni ngozi. Epoksi mbichi na akrileti zilizomo kwenye resini ya UV zinaweza kuufanya mwili uzikatae: unafanya kazi miezi bila shida, siku moja vidole vinaanza kuwasha na kuchubuka, na tangu hapo kila ukigusa tena, hata kidogo, inarudi. Mzio huo kwa kawaida hauondoki. Kwa akrileti kuna ubaya wa ziada, kwani jamii hiyohiyo inatumika kwenye jeli za kucha na hata kwenye viziba vya meno, hivyo mzio ulioupata kwenye viholda unaweza kukukuta kwa daktari wa meno.

Vaa glavu za nitraili, zile za bluu au nyeusi, ubadilishe zikichafuka. Resini ikigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji. Usitumie thina wala asetoni mwilini, zinaisaidia kupenya. Fungua madirisha pande mbili. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, inayozuia ni ile yenye vichujio vya mkaa. Msasa upigwe ukiwa na maji, vumbi lisipande.

Poliesta inanuka, na inanuka kweli. Jirani wa chumba cha tatu atakuja kuuliza. Kigandishi chake kikiruka jichoni kinaweza kupofusha, hivyo miwani ya kinga ni lazima hata kwa tone moja. Kwa maoni yangu haifai ndani ya chumba cha kupanga, hata kwa mwenye bidii gani. Ifanyiwe uani au kwenye karakana ya wazi. Na zote tatu, zikiwa mbichi, hazimwagwi kwenye sinki wala mtaroni: ziache zigande ndiyo utupe. Vyombo ulivyochanganyia visirudi jikoni.

Kwenye funguo, na shingoni mwa mnyama

Funguo za gari ni mtihani ambao wengi hawaufikirii. Epoksi nyingi za kazi za mikono zinaanza kulegea kwenye nyuzi 50 hivi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Posta inapita hapo. Kiholda chembamba cha epoksi kilicholala juu yake kinaweza kupinda. UV ni ngumu zaidi mkononi lakini ni rahisi kumeguka pembeni ikiangukia sakafu ya saruji. Poliesta inavumilia joto vizuri zaidi, nayo huvunjika ikigongwa. Kwa jua la muda mrefu, zote hugeuka njano polepole. Rangi nyeupe na angavu ndizo zinazoonyesha mapema, na bluu inaficha.

Tundu la ringi ni bora kulitoboa kwa drili baada ya kuganda kabisa, likiwa na angalau milimita 3 za resini mpaka ukingoni. Vile viskurubu vyenye jicho vinavyozungushwa juu vinapendeza kwenye picha, lakini vinachomoka.

Sasa vibati vya wanyama. Kazi ya kibati ni moja: mtu aliyemwokota mnyama wako Mbezi aweze kusoma namba na kupiga. Namba zetu zina tarakimu 10. Kwenye duara la milimita 30, ukiacha pambizo za milimita 3 kila upande, unabaki na milimita 24. Ukiziweka zote mstari mmoja, kila tarakimu inapata kama milimita 2, na mzee asiye na miwani hasomi. Zigawe 4, 3 na 3 kwa mistari mitatu, na chagua umbo la mstatili au mfupa kuliko duara. Upande wa pili weka jina la mnyama na namba ya pili ya mtu mwingine wa nyumbani, maana simu huzimwa. Anwani ya nyumba haihitajiki. Namba ikae katikati ya matabaka mawili ya resini, si juu, kwa sababu mbwa anajisugua ukutani kutwa.

Kwa paka, kibati cha gramu 4 hadi 6 kinatosha, na mkanda uwe wa kufunguka wenyewe akinasa kwenye seng'enge. Epoksi na UV zote zinamfaa. Kwa mbwa jiulize kwanza: anatafuna? Mbwa mchanga, au anayeishi na mwenzake wanaong'atana shingo kwa mchezo, atapasua resini ya aina yoyote, na vipande vyake vina makali. Huyo mpeleke kwa wachonga mihuri wakuchongee namba kwenye kibati cha chuma kisichoshika kutu. Mbwa mtulivu wa getini anafaa kuvaa epoksi nene ya milimita 4 hadi 5, kwa kuwa inanyumbulika kidogo kabla ya kuvunjika. UV kwa mbwa ingefaa tu ikiwa tabaka la juu ya kibati cha chuma. Poliesta siipendekezi shingoni mwa mnyama yeyote: ikiwa haikuganda sawasawa, harufu ya stairini inaendelea kutoka, na pua yake iko hapohapo.

Ukiandika "nimechanjwa" kwa ajili ya kichaa cha mbwa, weka na mwaka. Kadi ya chanjo ibaki kabatini.

Gharama kwa kipande

Kibati cha duara cha milimita 35 chenye unene wa milimita 4 kinakula mililita 3.8, sawa na gramu 4 na ushee. Seti ya epoksi ya gramu 500, ukitoa kinachobaki vikombeni, itakupa vipande 90 hadi 100. Chupa ya UV ya gramu 100 inakupa kama 20. Gawanya bei uliyotajiwa dukani kwa namba hizo, ndipo ulinganishe. UV itakuja juu kwa kipande karibu kila mara, lakini haitupi mabaki: inayobaki inarudi kwenye chupa. Anayetengeneza viwili kwa mwezi, epoksi yake itakaa hadina igeuke njano kabla haijaisha. Poliesta ni ya chini kabisa kwa gramu. Ongeza kalibu zinazokufa mapema na barakoa ya vichujio, na pengo linapungua.

Kwa hali yako

Unaishi chumba kimoja au viwili, una watoto wadogo, unataka kujaribu kwanza: UV, kalibu tatu za kupitisha mwanga, taa ndogo na boksi la glavu. Fanya wakiwa shule, funga chupa kwenye kabati la juu.

Una oda za sendofu, kichen pati au kipaimara, vipande 30 kwenda juu vyenye jina na tarehe: epoksi, na kataa oda iliyo chini ya wiki moja, hasa masika. Kama mteja anang'ang'ania siku mbili, mpe UV kwa bei ya UV.

Unatengeneza vya rangi nzito, maumbo manene, una uwanja wa wazi na umeshazoea kazi za faiba: poliesta itakulipa, kwa viholda tu.

Unataka mti, kitenge au picha ya familia ibaki angavu: epoksi. Ni kwa ajili ya funguo za gari linaloshinda juani: tafuta epoksi iliyoandikwa inavumilia joto la juu, au imimine nyembamba juu ya kipande cha chuma.

Una paka mmoja na huna mpango wa kuuza: usinunue kitu. Tafuta anayefanya UV mtaani, mpelekee namba zako mbili zimeandikwa kwa mistari mitatu mitatu, na umwambie atoboe tundu kwa drili.